Kisoma flopi cha USB: kimetufungulia kopo la picha za Vinland

Nilikinunua mtandaoni kwa dola 20 hivi: kiboksi cheusi chembamba, waya mmoja wa USB, basi. Nilikitafuta kwa ajili ya mzee jirani yangu hapa Minnesota, Mmarekani wa asili ya Norwe, aliyenifundisha kuendesha gari kwenye theluji nilipokuwa mgeni hapa.

Mzee ana kopo la biskuti lenye flopi 11, zile disketi za zamani za kuhifadhia data. Mwaka 2000 alikwenda na kaka yake L'Anse aux Meadows, kaskazini kabisa mwa Newfoundland, Kanada, wakiwa na kamera ya Sony Mavica. Kamera hiyo ilikuwa inatiwa flopi ya kawaida ya inchi 3.5, picha zinaandikwa humo humo. Flopi moja ni megabaiti 1.44, picha moja ya simu yangu haienei. Walikwenda kuipokea Íslendingur, meli iliyoundwa kwa mfano wa zile za Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, iliyofika Julai 28 kutoka Aislandi kuadhimisha miaka 1000 ya safari ya Leif Erikson, Mviking aliyefika Amerika Kaskazini na kuiita Vinland. Ni palepale ambapo Helge na Anne Stine Ingstad waligundua mabaki ya nyumba za Waviking mwaka 1960.

Nilikichomeka, Windows ikakitambua papo hapo. Lakini kabla ya kutia flopi yoyote, sogeza kile kibati chake uangalie utando ndani. Mbili zilikuwa na madoa meupe ya ukungu. Usizitie hivyo hivyo, zitachafua kichwa cha kusomea. Nilizisafisha taratibu kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, nikaziacha zikauke.

Flopi ya nne ilinguruma, ikagonga tak-tak-tak, kisha kompyuta ikauliza kama niiformati, yaani niiandae upya na kufuta vilivyomo. Kataa! Ukikubali umeharibu kazi. Nilihamia Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, nikatumia programu ya ddrescue, inayonakili sekta (vipande vidogo vya flopi) moja moja na kuzirudia zile zinazogoma. Kati ya sekta 2,880, zilibaki 6 tu zilizokataa katakata.

Oktoba 9, siku ya Leif Erikson, tuliziweka picha kwenye televisheni. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu meli Restauration, iliyoleta wahamiaji kutoka Norwe, ilifika New York Oktoba 9, 1825. Mzee alifungua chupa ya pombe ya asali. Ni ndugu wa wanzuki wa kwetu Tanzania, ila hii imechujwa ikang'aa, na haina ule mchachuko wa wanzuki.

Picha moja ya flopi ya nne imeishia nusu, chini yote kijivu. Juu anaonekana kaka yake, mikono hewani, ameidaka kamba iliyorushwa kutoka melini. Miaka yote alikuwa akisimulia hivyo na ukoo mzima ukimwona mwongo. Mzee alimpigia simu hapo hapo, akamwambia, "Ni kweli, kaka. Ninaiona kamba." Tukainua glasi sote watatu, kaka yake kwenye simu: "Skål!", yaani "Afya!" kwa Kinorwe.

Nakipa nyota 4. Ya tano nimeinyima kwa sababu boksi linasema kinasoma flopi za kilobaiti 720, na changu hakisomi hata moja. Kwa zile za 1.44, nunua, na nunua mapema, maana ukungu unaendelea kuzila. Sasa kiko kwa mzee. Flopi ya saba bado inagoma, na Jumamosi tutaijaribu tena.