Miezi sita na darubini ya milimita 70 Malindi: usiirudishe dukani kwa sababu ya Zuhura

Darubini hii niliinunua Aprili 2025 kwa shilingi 14,500 kutoka duka moja la Mombasa, ikaletwa Malindi kwa basi. Lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 70, na ndani ya sanduku mna lenzi mbili za jicho na stendi ya miguu mitatu. Nimeitumia darini kwetu karibu kila alfajiri isiyo na mawingu.

Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira. Sanduku linajisifu kwamba inakuza mara 525. Usiamini. Lenzi ya upana huu mwisho wake ni kama mara 140. Ukipita hapo kila kitu ni ukungu mtupu. Halafu nikailenga Zuhura, ile nyota ya alfajiri inayowaka juu ya bahari wakati wavuvi wanashusha vyombo. Nilitarajia milima, mabonde, japo doa moja. Nikaona umbo jeupe la mwezi mchanga wa siku nne au tano, tupu kabisa. Nikafuta lenzi, nikabadilisha ya pili, weupe ni ule ule. Nikampigia muuzaji nikitaka pesa zangu, naye akasema huenda imeharibikia safarini.

Haikuwa imeharibika. Zuhura hugubikwa na mawingu sayari nzima, mwaka mzima, na mawingu hayo hurudisha karibu robo tatu ya mwanga wa jua unaoifikia. Ndiyo maana inang'aa hivyo, na ndiyo maana hata darubini kubwa za mwanga wa kawaida hazioni ardhi yake. Chombo cha anga cha Magellan kilipoichora miaka ya 1990 kilitumia rada, ambayo mawimbi yake hupenya mawingu.

Mpwa wangu wa miaka tisa alichungulia akauliza, "Mjomba, chini ya hayo mawingu kuna watu?" Nilimwambia hakuna. Akataka kujua kwa nini, nami sikuwa na jibu la kumpa, ikabidi nisome.

Jibu la kwanza nilimwonyesha jikoni kwa kaka yangu, ambaye ni mvuvi. Alikuwa akiyeyusha risasi kwenye kisufuria juu ya makaa atengeneze chubwi za mishipi. Vipande vile vya kijivu vililegea, vikaporomoka, vikawa kioevu kinachong'aa kama kioo. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Ardhi ya Zuhura ina nyuzi 465 hivi, mchana na usiku. Chubwi ukiiweka chini kule itayeyuka yenyewe bila moto. Tena Zuhura inaishinda sayari ya Zebaki kwa joto, ingawa Zebaki ndiyo iliyo karibu zaidi na jua. Na hewa ya Zuhura inakandamiza mara 92 kuliko yetu, sawa na kuwa mita 900 chini ya bahari. Kaka yangu huzamia kamba koche bila mtungi, na kwenye mita 10 tu masikio humuuma. Hayo mawingu nayo si ya maji. Ni matone ya asidi ya salfa, ile ile ya betri ya gari.

Lakini kilichonikaa moyoni ni sababu ya joto lenyewe. Hewa ya Zuhura ni kabonidioksidi kwa asilimia 96, na gesi hiyo hulizuia joto lisitoke. Sisi tunayo pia, karibu kiasi hicho hicho, ila yetu sehemu kubwa imefungwa ndani ya mawe. Ukuta wa dari ninaposimama na darubini ni wa mawe ya matumbawe yaliyochongwa timboni. Matumbawe na makombe yalitwaa kaboni iliyoyeyuka baharini yakaigeuza jiwe, kwa mamilioni ya miaka. Aliyewahi kusimama karibu na tanuri la chokaa anajua jiwe huingia zito likatoka jepesi. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoka kilo 56. Zile 44 ni gesi iliyopaa. Zuhura haina bahari ya kuirudisha gesi hiyo jiweni. Wanasayansi wengi wanaona kwamba kama iliwahi kuwa na maji mengi, joto liliyageuza mvuke, mwanga wa jua ukauvunja, na haidrojeni ikapotelea angani. Tangu nilipoyajua hayo, kila nikiinua jicho kwenye lenzi nikaiona bahari yetu pale chini, naishukuru.

Kuna jambo lingine wenyeji wa huku watalipenda. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la kurushia roketi lililo baharini pale Ngomeni, kaskazini yetu tu. Siku tatu baadaye chombo cha Wasovieti, Venera 7, kilitua Zuhura, cha kwanza kabisa kutuma ishara kutoka ardhi ya sayari nyingine. Kilidumu kama dakika 23. Venera 13 ilitua Machi 1982, ikajitahidi dakika 127.

Sasa kasoro. Stendi ni nyepesi mno, kusi ikivuma picha inacheza. Mimi huning'iniza chupa ya lita tano ya maji katikati yake, inatulia. Hewa ya chumvi inaanza kula skrubu, kwa hiyo naihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko. Na hili nawaomba wazazi: Zuhura haiendi mbali na jua, basi ondoeni darubini kabla jua halijachomoza. Sekunde moja ya jua kwenye lenzi hupofusha jicho.

Kwa miezi hii nimeiona Zuhura ikijaa kutoka mwezi mchanga hadi nusu mwanzoni mwa Juni, huku ikizidi kuwa ndogo kadiri inavyotuacha. Alfajiri ya 12 Agosti ilikuwa karibu na sayari ya Mshtarii hata zikaingia pamoja kwenye lenzi moja, moja nyeupe tupu, nyingine na miezi yake imejipanga ubavuni. Mpwa wangu alikataa kushuka mpaka kukapambazuka.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya stendi.