Chambo bandia cha kuvulia maji ya magoti: acha rangi, shika pete

Ilikuwa Jumamosi ya bamvua, Mambrui, kaskazini mwa Malindi, maji yanajaa, yamenipita magoti kidogo tu. Kolekole akakidaka chambo kama hatua kumi kutoka niliposimama. Nilimwona kwa macho yangu: mgongo ulipasua maji, rili ikalia, nami nikasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kunisikia, "Leo mchuzi upo." Sikumaliza hata kuvuta pumzi, mshipi ukalegea.

Nilidhani umekatika. Nikavuta, kumbe kisamaki changu cha plastiki kinarudi kizima, na yale macho yake makubwa ya kuchorwa yananikodolea. Tumboni hakina ndoana. Kama ingevunjika au kunyooka ningeelewa, lakini haikuwepo kabisa. Ile pete ndogo ya kuishikilia ilikuwa imefunguka, imenyooka nusu, ukiitazama utasema ni kibanio cha nywele.

Kisamaki hicho kilitoka kwenye seti niliyonunua mjini Malindi: ishirini kwa shilingi 1,800, ndani ya kisanduku cha vyumba vyumba, kila kimoja na rangi yake. Ukigawanya ni shilingi 90 kimoja. Wiki nzima nilijiona mjanja. Nilipompelekea mjomba ile pete, aliigeuzageuza kwenye kiganja, huyu mzee aliyevua kwa mshipi wa mkono tangu sijazaliwa, akasema, "Mwanangu, samaki hajakukimbia. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango."

Baada ya hapo wasomaji kadhaa waliniandikia kwamba yamewakuta hayo hayo, na wote wakaniuliza swali moja: tununue kipi? Haya basi. Ufito na rili sitazigusa leo. Rangi nayo sitaigusa, kwa sababu ukiingia dukani utasikia habari za rangi mpaka uchoke, pinki ya asubuhi na kijani cha jioni, na rangi nyingi zimewekwa pale kumnasa mnunuzi kabla ya samaki. Mimi nazungumzia pete.

Kila kisamaki cha kuvulia kina vitanzi viwili vitatu vya waya mwilini. Kwenye kila kitanzi kuna pete ya mizunguko miwili iliyobanana, na kwenye pete ndiko inakoning'inia ndoana. Uzito wote wa samaki, na kila anavyojipinda, unapita kwenye hiyo pete iliyo ndogo kuliko punje ya mbaazi. Unaweza kuwa na mshipi wa kubebea ng'ombe na ufito wa mshahara mzima, lakini pete ikiwa ya waya laini huna kitu.

Na sisi tunaovua kwa kuingia majini kwa miguu ndio tunaoumia zaidi. Mwenye boti kisanduku chake kinakaa pakavu. Changu kiko kwenye mkoba kiunoni, na nikikanyaga shimo mkoba unazama pamoja nami. Maji ya chumvi yanaingia, nafunga, narudi nyumbani, nasahau mpaka wiki ya pili. Pete za bei rahisi huwa ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Inang'aa, sikatai. Ila ile ngozi ikikwaruzwa mara moja tu, na koleo au na jiwe la mwamba, chumvi inaingia chini yake na kula kimyakimya. Na kutu haikai kwake: kisamaki kimoja kibovu kilinichafulia kisanduku kizima, hata vile vya bei ghali vilivyokuwa jirani vikapata madoa.

Nina majaribio mawili. La kwanza ni la ukucha. Ingiza ukucha wa kidole gumba katikati ya mizunguko ya pete, sukuma. Ikiachana kwa ukucha, irudishe kabatini. Pete ya maana inakuvunja ukucha, mpaka uende na koleo. La pili ni la nyumbani. Nilichukua visamaki sita, nikavichovya kwenye kikombe cha maji ya bahari, nikavipanga juu ya tishu nyeupe kwenye mfuniko wa sufuria, juani. Vilipokauka nikachovya tena. Siku ya pili, adhuhuri haijafika, pete za seti yangu zilikuwa zimeacha duara za rangi ya chai kwenye tishu. Pete mbili tu hazikuacha kitu. Muuza duka mmoja alinishauri nijaribu kwa sumaku. Msimsikilize: kuna chuma kisichoshika kutu ambacho sumaku inakinasa vizuri sana.

Ndoana nayo ina lake. Visamaki vingi huja na ndoana za meno matatu, mbili kwa kila kisamaki, yaani ncha sita. Kwenye boti samaki anapakiwa, anatulizwa, anang'olewa. Wewe umesimama majini, samaki anapiga mkia mkononi mwako, na ncha tano ambazo hazijamnasa yeye zinakutafuta wewe. Nina kovu kwenye kiganja cha kushoto la ukubwa wa punje ya mchele. Tangu siku hiyo natoa ndoana ya nyuma ya meno matatu na kuweka ya jino moja, kisha nakibana kile kijino chake kwa koleo mpaka kilale. Ukinunua za kubadilishia, tazama jicho. Ndoana za kawaida zikiingia kwenye pete zinakaa upande upande. Kuna zilizogeuzwa jicho makusudi ili zilale sawa na mwili wa kisamaki, hizo ndizo.

Sasa orodha yangu.

Namba moja ni Rapala X-Rap Saltwater ya sentimita 10. Sifichi kwamba naipenda kuliko zote, na hakuna aliyenipa hata shilingi. Ina gramu 13, inatupika mbali hata upepo ukikupiga shavuni, na ukiivuta kwa mikupuo inayumba kama dagaa aliyejeruhiwa. Maji ya mapaja inayaweza mradi huivuti kwa pupa. Ndoana zake ni za VMC, jina la kiwanda cha ndoana, zilizotengenezewa maji ya chumvi, na pete zake ndizo zile mbili zilizonyamaza kwenye tishu. Nililipa shilingi 2,400 na roho ikaniuma njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini ni ya msimu wa pili huu, na ina alama za meno ya mzia ubavuni.

Hapa ndipo pa kufungua macho. Kuna X-Rap nyingine, umbo hilo hilo, macho hayo hayo, ila boksi lake halina neno Saltwater. Hiyo ni ya maziwa na mito, na ndoana zake hazikutengenezwa kwa chumvi yetu. Madukani hutundikwa msumari mmoja na kuuzwa bei moja. Soma boksi, usisome uso wa muuzaji. Na nikuongeze kitu: ukiweka ndoana nyepesi ya jino moja nyuma, kisamaki hiki, ambacho kwa kawaida ukiacha kuvuta kinasimama pale pale majini, kinaanza kupanda juu polepole. Wengine watakwambia umekiharibu. Kwa anayevua juu ya mwamba hiyo ni baraka, maana kikigusa jiwe unaacha kuvuta, kinajinyanyua chenyewe.

(Lauri Rapala, Mfini aliyeanzisha jina hilo, alichonga cha kwanza mwaka 1936 kwa gome la koki, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti na juu yake akapaka filamu za picha zilizoyeyushwa. Mvuvi maskini, kisu na takataka za nyumbani. Nikikumbuka hilo halafu nikitazama bei ya leo, nanyamaza tu.)

Namba mbili, popa: Halco Roosta ya milimita 80, kutoka Australia. Hii inaelea, mdomo wake umechimbwa kama kikombe, na kila ukivuta inapiga maji "pwaa". Haina cha kukwama, unaivulia hata penye maji ya kifundo juu ya majani. Mimi naitoa hasa wakati wa kusi, tope la mto Sabaki linaposukumwa kaskazini na maji ya Mambrui yakageuka chai ya maziwa. Samaki haoni kitu, lakini anasikia. Kaskazi ikianza tope linageuka, linaelekea ghuba ya Malindi, nasi huku tunaona tena vidole vyetu vya miguu. Pete za Roosta yangu zilipita ukucha, zikapita tishu kwa taabu: doa moja dogo. Nilizibadilisha. Ingekuwa namba moja kama mkono haungechoka, kwani popa ni kazi, saa moja tu na bega linakudai.

Namba tatu ni jigi ya manyoya, ile ya kienyeji: ndoana moja ya Mustad, risasi iliyoyeyushwa na kumiminwa shingoni, manyoya ya jogoo yakafungwa kwa uzi. Mjomba huzitengeneza mwenyewe. Haina pete hata moja, ndoana imezikwa ndani ya risasi, kwa hiyo hakuna mlango wa kumfungulia samaki. Kwa haki ingestahili nafasi ya juu, na mjomba akisoma hapa atanuna. Ila inazama haraka, kwenye mwamba inakwama kila mtupo wa tatu, na, semeni mtakavyo, haina uzuri.

Namba nne, kamba wa mpira. Kolekole na chewa wadogo wanawapenda. Bunju anawapenda zaidi: unahisi kitu kinadonoa, unavuta, unamkuta kamba wako hana mkia, umekatwa kama kwa mkasi. Nilimaliza pakiti ya watano asubuhi moja.

Vijiko vya chuma, vile vyambo vyenye umbo la kijiko, ni vya kutupia maji marefu. Na seti za visamaki ishirini mmeshanisikia.

Pete zenyewe sasa. Nilijiambia nikubali hasara, ninunue pete nzuri peke yake nivivishe vile visamaki kumi na tisa vilivyobaki. Niliingia maduka manne. La kwanza wakaniambia hawana. La pili kijana akaniletea pete za kupachikia pazia. La tatu:

"Dada, hizi hapa. Imara sana."

"Kaka, hii si pete ya ufunguo?"

"Ni pete, dada. Si ulisema pete?"

La nne walikuwa nazo, zimetundikwa nyuma ya kaunta kwenye kijikaratasi kisicho na jina wala kipimo, na nilipoomba nijaribu moja kwa ukucha nikaambiwa ukifungua umenunua. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko bei. Dera naligeuza nje ndani, embe nalibonyeza, hata simu naiwasha kabla sijatoa pesa. Kisamaki cha shilingi elfu mbili nauziwa ndani ya plastiki iliyogandishwa, nitazame macho yake tu! Na bei yenyewe haina kituo. Nilisimama nyuma ya mgeni mmoja wa Kiitaliano akatajiwa 3,500, nami nilipofika na Kiswahili changu ikashuka hadi 2,600, kisha nilipogeuka kuondoka ikawa 2,400. Sijui nishukuru au nilie, kwa sababu bado sijui bei ya kweli ilikuwa ngapi.

Mwishowe niliagiza pete Nairobi. Pakiti ya kumi, pamoja na nauli ya kuzisafirisha kwa basi, ilinigharimu shilingi 650. Pete moja shilingi 65, nayo ya kuvisha kisamaki cha shilingi 90. Nimevisha vitatu, vingine nimevitoa ndoana na kuvigawa kwa watoto.

Machache kabla hujafungua pochi. Hifadhi ya baharini ya Malindi ipo tangu 1968 na ndani yake hakuvuliwi, hata uwe na Rapala ya dhahabu, kwa hiyo uliza mipaka kabla hujaingia majini. Mdomo wa Sabaki una viboko, usiende alfajiri peke yako. Popote ulipo buruta nyayo badala ya kunyanyua miguu, ili yule samaki taa mwenye mwiba akuhisi mapema aondoke. Na ukirudi, suuza kila kitu kwa maji ya mfereji, kisanduku kikiwa wazi, ukaushe kivulini. Siku ambazo mfereji unakohoa hewa tupu, kikombe kimoja cha maji ya ndoo kinatosha visamaki vitatu. Nimepima.

Dukani nilikonunua seti nilirudi na ile pete iliyofunguka, nikaiweka juu ya kioo cha kaunta. Mwenye duka aliitazama bila kuishika, akasema samaki alikuwa mkubwa mno. Juzi nikipita nimeona seti nyingine ya ishirini dirishani, boksi lile lile. Sasa ni shilingi 2,000.