Dawa za kukosa choo katika maduka ya Kigoma: ipi inafaa pesa yako

Ukiingia duka la dawa la Mwanga au Ujiji ukasema umekosa choo, ya kwanza kuwekwa mezani aghalabu ni bisakodili, vidonge vya miligramu 5. Vinafanya kazi: mtu mzima akimeza 1 au 2 usiku, choo kinakuja baada ya saa 6 hadi 12. Kwa tumbo lililofunga siku mbili tatu, vinatosha. Ila kwa mtu ambaye zaidi ya miezi 3 sasa anapata choo chini ya mara 3 kwa wiki, kigumu kama cha mbuzi na cha kujikamua, pesa yake iende kwenye laktulosi, hata kama chupa yake ni ghali zaidi.

Laktulosi ni sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga. Inafika utumbo mpana ikiwa nzima, inavuta maji, choo kinalainika. Mtu mzima huanza na mililita 15 mara 2 kwa siku, kisha anaongeza au kupunguza kulingana na choo anachopata. Tumia kifuniko cha kupimia, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Wengi wanaiacha mapema kwa sababu mbili: inachukua hadi saa 48 kuonyesha kazi, na siku za mwanzo tumbo linajaa gesi. Gesi hupungua ukiendelea. Inywe kila siku, si siku ile tu unapobanwa. Mwenye kisukari amwambie mtoa dawa kabla ya kununua.

Tukirudi kwa bisakodili: usitafune wala kusaga, na usimeze pamoja na maziwa au dawa ya kiungulia. Gamba lake limetengenezwa liyeyukie kwenye utumbo. Likiyeyuka mapema, tumbo linasokota vibaya sana.

Unga wa maganda ya ispaghula, mbegu zenye nyuzinyuzi nyingi, ni mzuri kwa anayekula nyuzinyuzi kidogo, lakini unadai maji: glasi nzima ya mililita 250 kwa kila dozi, na usiunywe ukiwa unaenda kulala. Ukimezwa na maji kidogo unavimba na unaweza kuziba koo au utumbo. Gliserini ya kuingiza njia ya haja kubwa ni ya dharura, huleta choo ndani ya saa 1. Mafuta ya nyonyo hatuyapendekezi. Yanasokota tumbo, na mjamzito asiyaguse kabisa.

Hakuna chupa itakayoshinda sahani. Ugali wa muhogo kwa samaki wa mgebuka, mchana na usiku, una nyuzinyuzi chache mno, na mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 kwa siku. Kikombe cha robo lita cha maharage yaliyopikwa kinatoa gramu 13 hadi 15, karibu nusu ya mahitaji hayo. Ongeza sombe (kisamvu), papai, parachichi, na ubadilishe sembe kwa dona. Ongeza nyuzinyuzi polepole kwa wiki 2 au 3 huku ukinywa maji zaidi, la sivyo tumbo litajaa gesi. Nenda chooni dakika 20 hadi 30 baada ya chai ya asubuhi, wakati utumbo mpana unasukuma wenyewe. Choo cha kuchuchumaa kinasaidia. Kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda.

Kuna kosa moja linalotuumiza sana kuliona. Mzee hajapata choo siku nyingi, kisha anaanza kuvuja majimaji, anapewa dawa ya kuzuia kuharisha. Yale ni majimaji yanayopita kando ya choo kilichoganda. Dawa ile inazidisha kuziba, na nyuzinyuzi nazo hazifai mpaka kizibo kiondolewe.

Usinunue chochote kama unatapika, tumbo limevimba na hata gesi ya tumboni haitoki: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Damu kwenye choo, kukonda, upungufu wa damu, au tatizo lililoanza baada ya miaka 50 vinahitaji daktari. Kwa mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Beba dawa zako zote unazotumia. Vidonge vya madini ya chuma, tramadoli ya maumivu, amitriptilini ya sonona na baadhi ya dawa za presha hufunga choo, na daktari anaweza kukubadilishia.