Waqt iliyotafsiriwa: nilitaka kulia, nikaishia kugombana na televisheni

Kama si wiki iliyopita basi ile ya kabla yake, siku ya mvua, nilipita kwa kijana wa muvi karibu na stendi aniwekee Waqt kwenye flashi. Ile ya 2005, ya Amitabh Bachchan na Akshay Kumar. Niliwahi kuiona kwa Kihindi chenyewe, nikalia mpaka makamasi. Safari hii nikaomba iliyotafsiriwa kwa ajili ya mama, maana maandishi ya chini hayaoni tena, na hata angeyaona, Kiingereza kinamhusu nini?

Hapo ndipo nilipojiroga.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mzee Ishwarchand, mwenye kiwanda cha midoli, kamdekeza mwanawe Aditya hadi jitu zima limeoa na bado linalishwa na baba. Ghafla mzee anabadilika, anamtimua yeye na mkewe, na mtoto anaona baba kawa katili. Sasa, baba na mwana bado wanataniana kama marafiki, hata picha haijakolea, mtafsiri anapayuka: "Mzee huyu msimuone anacheka, ana kansa ya mapafu huyu, hafiki mbali!"

Mama akanigeukia. "Mbona kasema mapema?"

Nimjibu nini? Na huo ulikuwa mwanzo tu. Mzee akikohoa, jamaa anamkoholea juu yake. Kijana anakwenda kurukaruka kwenye hatari badala ya mastaa ili apate hela, jamaa anamwita bodaboda. Halafu likaja lile eneo ambalo mtoto anajua ukweli, kwamba muda wote alikuwa anamnunia mtu anayekufa. Maneno hapo ni machache, nyuso ndizo zinazosema. Mtafsiri akaona kimya ni hasara, akaanza kusalimia washkaji zake na kutaja namba ya simu ya kuagizia muvi. Namba nzima! Akairudia!

Kuanzia hapo kila kitu kikanichefua. Vichekesho vya Rajpal Yadav nikaviona vinajaza nafasi tu. Nikamkumbushia mama kwamba Shefali Shah, anayecheza mama mzazi wa Akshay, kazaliwa 1973 na "mwanawe" 1967. Mama akaniambia ninyamaze, yule mama analia vizuri. Na kweli analia vizuri. Nikahamia kwa mzee: umdekeze mtoto miaka yote hiyo, halafu adabu yote uitie kwa miezi michache, tena kwa kumficha? Si umwambie tu! Nilikuwa tayari kusema muvi yenyewe mbovu.

Mbovu si kweli. Amitabh akimtazama mwanawe kwa kificho, hata mpayukaji haharibu.

Tena, niseme haki, mwisho kabisa yule jamaa alishusha sauti. Kijana anaongea na baba yake, naye akatafsiri taratibu, neno kwa neno, bila salamu kwa mtu. Mama akavuta upindo wa kanga, akajifuta, akakaa kimya muda mrefu. Mimi ile mara ya kwanza nililia kwa muziki na sura tu. Yeye alilia kwa kuwa alielewa.

Baadaye akaniuliza kama yule kaka wa maneno mengi ana picha nyingine.

Nimemwambia hana. Kule dukani kwa kijana wa stendi ana rafu nzima, na Jumamosi nadhani nitakwenda.