Rafu ya Riwaya za Kusisimua katika Maktaba ya Shule Moja ya Sekondari, Ngamiani, Tanga

Maktaba nyingi za shule za sekondari ninazozifahamu hapa Tanga zimejaa vitabu vya kiada na mitihani ya miaka iliyopita, na mwanafunzi anayeingia humo mara nyingi huwa ametumwa na mwalimu. Maktaba ninayoieleza hapa ni ya shule ya kutwa iliyoko Ngamiani, ambako mtoto wangu anasoma kidato cha pili. Upande wa kushoto wa mlango wake zipo rafu zilizotengwa kwa riwaya za upelelezi, ujasusi na safari za hatari, na yupo mwalimu wa maktaba ambaye hatosheki kuvipanga vitabu na kuvifuta vumbi, bali huwashawishi watoto wavisome. Kwa maoni yangu ushawishi huo ndio unaostahili sifa kubwa kuliko hata vitabu vyenyewe, na utaratibu wa kuazima ndio unaostahili lawama.

Mwalimu huyo hapendekezi kitabu kwa kueleza kisa chake. Baada ya vipindi vya mchana huwakusanya wanafunzi wanaotaka, huwasomea kwa sauti ukurasa wa kwanza au wa pili, na inapofika mahali ambapo mtu amebisha hodi na hajafunguliwa, hukifunga kitabu, hukiweka juu ya meza na kuendelea na kazi nyingine kana kwamba hakuna lililotokea. Anayetaka kujua aliyebisha ni nani hana budi kukiendea mwenyewe na kuandika jina lake kwenye daftari. Nilimsikia pia akimhoji binti mmoja wa kidato cha kwanza aliyesogea kwa haya na kusema, “Shikamoo, mwalimu. Naomba kitabu cha kutisha.” Mwalimu akajibu, “Marahaba, mwanangu. Kutisha kwa mizimu, au kutisha kwa majambazi?” Binti alifikiri kidogo, akasema vyote viwili, na akapewa “Mzimu wa Watu wa Kale”.

Uteuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Riwaya hiyo ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960, na ndiyo iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko ambaye silaha yake ni kufikiri. Kwa kijana wa miaka 13 au 14 inafaa kwa sababu hofu iliyomo haitokani na damu inayomwagika kila ukurasa. Inatokana na watu walioamini kwamba mzimu umeua, na mtu mmoja asiyekubali jibu hilo jepesi. Kiswahili chake cha Unguja hakimtishi mtoto wa Tanga, ambaye misemo mingi ya namna hiyo huisikia kwa bibi yake nyumbani. Hata hivyo sentensi zake ni ndefu, na mwandishi hupenda kuzungukazunguka kabla ya kusema jambo, kwa hiyo msomaji mvivu huweza kuchoka mapema. Mwalimu analijua hilo, na humwambia kila anayeichukua avumilie mpaka Bwana Msa na rafiki yake Najum waanze kupishana mawazo. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kuhimizwa.

Kwa walio wadogo zaidi, au kwa wale wanaosoma polepole, yupo Edwin Semzaba na “Marimba ya Majaliwa”, ambayo ni riwaya ya safari na vituko iliyoandikwa mahususi kwa vijana. Wanafunzi hufurahi kugundua kwamba mwandishi huyo ndiye yule yule wa “Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe”, tamthilia ambayo watakutana nayo baadaye katika somo la fasihi, na nadhani ni vizuri mtoto amjue mwandishi kwa starehe kabla ya kumjua kwa maswali ya mtihani.

Hatua inayofuata ni “Simu ya Kifo” ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965. Ni kitabu chembamba chenye mwendo wa kasi, na anayetoka kwa Bwana Msa huhisi mara moja kwamba amehamia mjini, mahali ambapo mauaji huanza kwa mlio wa simu na anayechunguza ni polisi wa kazi hiyo. Mwanangu alikimaliza haraka na kulalamika kwamba ni kifupi, na sidhani kama mwandishi wa riwaya za kusisimua anaweza kupata sifa kubwa kuliko lalamiko hilo.

Kuanzia kidato cha tatu, mwalimu huwaruhusu wanafunzi kuingia kwa Elvis Musiba, na hapa ndipo ninapoiona thamani ya rafu hizi kwa masomo mengine pia. “Kufa na Kupona” ya mwaka 1974 humleta jasusi Willy Gamba, na adui anayepambana naye ni wale waliotaka kuzihujumu harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mwanafunzi wa leo, aliyezaliwa miaka mingi baada ya Afrika Kusini kupata utawala wa walio wengi mwaka 1994, huenda asielewe kwa nini mtu anaweza kuuawa kwa ajili ya nyaraka jijini Dar es Salaam. Mwalimu amebandika karatasi ndani ya jalada la nakala hiyo, kwa mwandiko wake mwenyewe, inayoeleza kwa mistari michache kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Maelezo hayo machache humfanya msomaji aelewe kilichokuwa hatarini, na riwaya ambayo kichwa kisicho na habari kingeiona kuwa ya kupigana tu hupata uzito wake. Mwalimu wa historia angefanya vyema kuzipitia nakala hizi kabla ya kulifundisha somo hilo.

Riwaya za Ben Mtobwa, zile za mhusika wake Joram Kiango, pamoja na “Dar es Salaam Usiku”, hazipo rafuni. Zimefungiwa katika kabati la vioo nyuma ya meza ya mwalimu, na hutolewa kwa wanafunzi wakubwa kwa hiari yake. Uamuzi huo ninauunga mkono, kwa kuwa Mtobwa aliandika kwa ajili ya watu wazima na baadhi ya mambo yake hayamfai mtoto wa kidato cha kwanza, ingawa sielewi kwa nini lichaguliwe kabati la vioo. Sijaona mahali pengine katika maktaba hiyo panapotazamwa zaidi ya pale.

Sasa nije kwenye kasoro, na kubwa kuliko zote ni kwamba vitabu hivi haviruhusiwi kutoka nje ya chumba. Daftari la kuazimia lipo, lakini mwanafunzi huandika jina ili kukaa na kitabu mezani tu, na kengele ikilia hukirudisha. Kipindi kimoja ni dakika 40, na ukiondoa muda wa kuingia, kutafuta nakala na kupata kiti, zinabaki dakika chache za kusoma kwa kweli. Kitabu cha kemia kinaweza kusomwa kwa vipande namna hiyo bila madhara makubwa. Riwaya ya upelelezi haiwezi, kwa sababu taharuki hujengwa kwa kufuatana kwa mambo, na msomaji aliyekatishwa katikati ya nyayo zinazonyatia na kurudi baada ya siku kadhaa huwa amesahau ni nani aliyekuwa na ufunguo. Matokeo yake yanaonekana wazi. Wapo wanaoanza na ukurasa wa mwisho ili wasipitwe na mwisho wa kisa, wapo wanaoficha nakala nyuma ya ensaiklopidia ili mwingine asiichukue, na nakala moja ya “Siri ya Sifuri” ilichanwa kurasa zake za mwisho na mtu ambaye bila shaka hakustahimili kusubiri. Kurasa hizo zimerudishwa kwa kutoa kopi za nakala ya mtu mwingine na kubana kwa pini, kwa hiyo Bwana Msa anafumbua siri yake juu ya karatasi nyeupe zinazong'aa, baada ya kuitafuta katika karatasi zilizogeuka rangi ya chai.

Uongozi wa shule husema kwamba vitabu vikitoka havirudi, na hofu hiyo ina msingi, maana nakala nyingi ni za zamani na si rahisi kupata nyingine. Lakini Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, huwaazimisha wanachama wake vitabu vya kwenda navyo nyumbani, na mzazi akisaini fomu ya dhamana shule nayo ingeweza kufanya hivyo, angalau kwa nakala zilizozidi moja.

Kasoro ya pili ni ya uteuzi. Waandishi karibu wote ni wanaume wa kizazi kilichopita na mashujaa wao vilevile, huku wanawake wakijitokeza zaidi kama vishawishi au maiti. Wasichana, ambao ndio wengi katika kikao cha kusomewa, wameliona hilo kabla yangu. Aidha, hakuna hata kitabu kimoja cha taharuki kinachotokea hapa Tanga, wakati Mapango ya Amboni yako umbali wa takribani kilomita nane tu kutoka mjini, na kila mtoto amesimuliwa kuhusu njia za chini kwa chini zisizo na mwisho na kuhusu Osale Otango aliyejificha humo enzi za mkoloni. Mwalimu ameanza kuwaandikisha wanafunzi visa hivyo kwenye madaftari, kwa masharti kwamba kila sura iishie mahali pabaya. Nimesoma viwili, na kimoja, cha kijana ambaye tochi yake inazimika akiwa amepita njia panda ya tatu, ningekinunua.

Kwa mzazi anayetafuta shule, rafu mbili hizi hazitoshi kuwa sababu ya kuichagua, lakini ni sababu nzuri ya kumwuliza mwanao kila jioni anasoma nini. Anayetaka kuchangia vitabu ampelekee mwalimu wa maktaba moja kwa moja, siku za kazi kabla ya saa tisa alasiri. Mahitaji makubwa kwa sasa ni nakala za pili za Bwana Msa, riwaya mpya za Kiswahili zenye mhusika mkuu wa kike, na jalada gumu kwa ajili ya “Simu ya Kifo”, ambayo lake limeshaachana na kurasa.