Maonyesho ya picha za watawa wa Kibudha na vita, Shangani, Mtwara: anzia ukuta wa nyuma

Mtwara ukitaja mtawa, akili ya mtu inakwenda Ndanda, kwenye abasia ya Wakatoliki. Maonyesho haya yana kazi ya kuitoa huko kwanza, na kwa sehemu kubwa yamefaulu. Kiingilio hakuna, saa moja inatosha. Nenda asubuhi: kuanzia saa tisa jua la dirishani linapiga vioo vya fremu, maandishi hayasomeki.

Mlangoni pana picha ya Thich Quang Duc akiungua barabarani, Saigon, Vietnam Kusini, tarehe 11 Juni 1963, na hapohapo pana kosa kubwa. Maelezo yanadai alipinga vita vya Marekani. Sivyo. Alijichoma kuipinga serikali ya rais wa huko, Ngo Dinh Diem, kwa kuwakandamiza Wabudha. Mwezi mmoja kabla, mjini Hue, walikatazwa kupeperusha bendera ya dini yao na waandamanaji wakauawa. Aliyezunguka dunia akivipinga vita vyenyewe ni mtawa mwingine, Thich Nhat Hanh, ambaye kapewa kijipicha kisichozidi kadi ya mwaliko wa harusi.

Ukuta wa nyuma ndio uliobeba maonyesho, maana haumwoneshi mtawa kama malaika. Yumo Talduwe Somarama, aliyempiga risasi waziri mkuu wa Sri Lanka, S.W.R.D. Bandaranaike, mwaka 1959. Yumo Kittivuddho wa Thailand, aliyetangaza mwaka 1976 kwamba kuua wakomunisti si dhambi. Yumo Wirathu wa Myanmar na mahubiri yake dhidi ya Waislamu, na kwa watazamaji wa pwani hii hapo ndipo miguu inapogoma kuondoka. Hoja imeelezwa vizuri: taifa na dini vikishafanywa kitu kimoja, jirani wa dini nyingine anahesabiwa mvamizi hata kama kazaliwa hapohapo. Japani haimo kabisa, na hilo ni pengo: Uchiyama Gudo, mtawa wa Zen aliyepinga vijana kulazimishwa jeshini, alinyongwa mwaka 1911 kwa shitaka la uhaini.

Mezani pana bakuli la sadaka, ambalo mtawa hupokelea chakula kwa waumini, lililofunikwa kifudifudi. Hivyo ndivyo watawa wa Myanmar walivyofanya mwaka 2007 kukataa chakula cha majenerali waliotawala nchi, na Mbudha ambaye sadaka yake haipokelewi amenyimwa thawabu. Hakuna kifaa kinachosema mengi zaidi humu, ila hakikuandikiwa hata mstari mmoja. Wageni wanadhani limepinduka tu, wanaliinua na kuliweka sawa. Mwangalizi anakuja kulifunika tena.