The 10th Kingdom: Tamthilia Iliyomrudisha Mama Mahali pa Mama wa Kambo

Kati ya tamthilia zote nilizowahi kutazama ambazo zinasimulia upya ngano za kale za Ulaya, ninayoipendekeza kwanza kwa yeyote anayeniuliza ni The 10th Kingdom, iliyoandikwa na Simon Moore na kurushwa na kituo cha NBC cha Marekani kwa sehemu tano kati ya Februari na Machi 2000. Nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila mara nimetoka na heshima kubwa zaidi kwa mwandishi wake, ingawa kasoro zake nazo zimekuwa zikinidhihirikia zaidi. Ni kazi ndefu, karibu saa saba kwa jumla, na inamtaka mtazamaji awe na subira ambayo mfululizo wa siku hizi hauthubutu kumdai.

Kisa kinaanzia New York. Virginia, mhudumu wa mgahawa anayeigizwa na Kimberly Williams, anaishi kando ya Central Park pamoja na baba yake Tony, mtunza jengo aliyechoka na maisha, ambaye anaigizwa na John Larroquette. Wakati huohuo, katika ulimwengu mwingine wenye falme tisa, Malkia Mwovu anatoroka gerezani kwa kumgeuza Mwanamfalme Wendell, mjukuu wa Snow White, yule msichana wa ngano aliyetafutwa auawe na malkia mwenye wivu, kuwa mbwa mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Mbwa huyo anakimbia, anapenya kioo cha ajabu na kujikuta New York, huku nyuma yake wakifuata mazimwi watatu na kiumbe mmoja aitwaye Wolf, ambaye ni nusu mtu nusu mbwamwitu. Mazimwi wanapoliona jiji hilo lenye majengo marefu wanaliita Ufalme wa Kumi, na humo ndimo lilimotoka jina la tamthilia. Baba na binti wanavuka kioo na kuingia upande wa pili, kisha kioo kinawapotea, na safari ya kukitafuta ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya masimulizi.

Jambo la kwanza lililonivutia ni swali ambalo Moore analiuliza tangu mwanzo: baada ya wahusika wa ngano kuishi raha mustarehe, ni nini kilichofuata? Jibu lake ni kwamba miaka ilipita na wale wanawake mashuhuri wakawa historia ya nchi. Gereza analofungwa Malkia limepewa jina la Snow White kwa kumuenzi. Cinderella bado yu hai, ajuza wa karibu miaka 200, na Ann-Margret anamwigiza kwa haiba ya mtu anayejua kwamba wageni wote wamekuja kumwona yeye. Wendell naye amelelewa chini ya kivuli cha jina la bibi yake, akawa kijana mwenye majivuno ambaye hajawahi kufanya jambo lolote la kustahili taji analongoja, na inampasa kuishi kama mbwa kwa muda mrefu ndipo aanze kuwasikiliza watu wengine. Huu si mzaha wa kuzikejeli ngano. Mwandishi anaziamini, na kwa sababu anaziamini anaweza kuzidai zaidi ya zilivyozoea kutoa.

Vivyo hivyo kuhusu uchawi. Tony anapata haragwe linalompa maombi sita, na takriban kila ombi linamrudia kwa namna asiyoitaka, kwa kuwa ameomba kwa pupa na kwa kinyongo cha mtu aliyedharauliwa kazini. Baadaye anajaliwa kidole chenye uwezo wa kugeuza kitu kuwa dhahabu, na kwa bahati mbaya anamgusa Wendell aliye katika umbo la mbwa, hivyo wasafiri wanalazimika kuburuta sanamu ya dhahabu ya mwanamfalme. Kana kwamba hayo hayatoshi, ni yeye anayekivunja kioo walichokihangaikia na kujiletea nuksi ya miaka saba. Larroquette anayacheza yote haya kwa ustadi: tunamcheka, lakini hatufiki mahali pa kumdharau, kwa sababu chini ya upuuzi wake kuna baba aliyemlea binti peke yake na kumficha jambo zito kwa miaka mingi.

Hapa inanibidi nilitaje jambo hilo, na asiyependa kujua siri ya hadithi kabla ya kuitazama na aruke aya hii na inayofuata. Malkia Mwovu, anayeigizwa na Dianne Wiest, ndiye Christine, mama mzazi wa Virginia, ambaye binti anaamini kwamba aliondoka tu nyumbani alipokuwa mtoto wa miaka saba. Ukweli ni mchungu kuliko hapo: kabla ya kuondoka, mama huyo, akiwa amechanganyikiwa akili, alijaribu kumzamisha mwanawe majini. Alipokuwa katika hali hiyo ndipo mchawi wa kinamasi, yule aliyekuwa mama wa kambo wa Snow White, alipomvuta upande wa pili wa kioo na kumfanya mrithi wa uovu wake.

Wengi wetu, iwe tumekulia kwenye ngano za nyumbani au za kigeni, tumezoea kumwona mama wa kambo akibebeshwa ubaya wote. Katika chapa ya kwanza ya ngano za ndugu Grimm, Wajerumani waliokusanya hadithi hizo, ya mwaka 1812, malkia anayetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi. Katika chapa ya 1819 ndipo alipogeuzwa kuwa mama wa kambo, na kuanzia hapo wasomaji wakaepushwa na wazo gumu kwamba hatari inaweza kutoka kwa aliyekuzaa. Tamthilia hii inalirudisha wazo hilo mahali pake na kulikabili kwa utulivu. Hata silaha inayommaliza Malkia, kitana chenye sumu, ni ileile ambayo katika ngano ya Grimm malkia alimpelekea Snow White kabla ya tofaa lenye sumu. Safari hii kitana kiko mkononi mwa binti anayekabwa koo, naye anaua ili asiuawe, kisha anamlilia aliyemuua kwa sababu ni mama yake. Wiest haigizi jini. Anaigiza mwanamke aliyejifungia asikumbuke, na pale kumbukumbu inapomrudia usoni kwa muda mfupi, mimi hushindwa kuzungumza na yeyote aliyeketi karibu nami. Kabla ya hapo kuna tukio la pango la barafu, ambapo Virginia anakutana na Snow White mwenyewe, akiigizwa na Camryn Manheim, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, ambaye anamweleza kwamba msichana aliyepotea msituni anaweza kujiokoa mwenyewe. Ningemwomba kila mzazi mwenye binti aliyejifungia moyoni alitazame tukio hilo.

Scott Cohen katika nafasi ya Wolf anastahili sifa zake peke yake. Amemchukua yule mbwamwitu mla watu wa hadithi ya msichana wa kofia nyekundu na kumfanya kiumbe anayepigana na njaa yake mwenyewe, anayetafuta ushauri wa daktari wa akili mjini New York na kusoma vitabu vya kufundisha mapenzi ili amstahili Virginia. Rutger Hauer, Mwindaji wa Malkia, anasema machache na anatisha sana.

Kasoro zipo, na sizipuuzi. Sehemu ya katikati inalegea. Wasafiri wanakamatwa, wanatoroka, wanakosa kioo kwa nukta chache, kisha mambo yaleyale yanaanza tena katika mji mwingine, ingawa kisa cha kijiji cha akina Peep na mashindano ya kondoo kinachangamsha. Mazimwi watatu wanapewa muda mwingi kuliko vichekesho vyao vinavyoweza kubeba. Picha zilizotengenezwa kwa kompyuta zimezeeka, isipokuwa utangulizi, ambao uliipatia tamthilia tuzo ya Emmy, tuzo kuu ya televisheni ya Marekani, mwaka 2000 na bado unapendeza. Linaloniudhi kweli ni jinsi watu wa jamii ya Roma, wale waliozoeleka kuitwa Gypsy, walivyochorwa: wanatokea msituni kama waganga wa kulaani na wafunga ndege wa ajabu, wanamlaani Virginia kwa nywele zisizoacha kurefuka, kisha wanatoweka. Kazi iliyojitahidi kumpa hata mbwamwitu nafsi yake ilipaswa kuwapa watu hao zaidi ya chuki ya zamani.

Nakala niliyotazama haina manukuu ya Kiswahili, na mazungumzo ni ya haraka, hususan ya Tony na Wolf, kwa hiyo asiyezoea Kiingereza cha Marekani atapitwa na baadhi ya vichekesho, ingawa hatapotea njia ya kisa. Msihadaike na neno ngano mkawakalisha watoto wadogo mbele yake. Kuna mauaji, kuna mapenzi ya watu wazima, na lile jambo la mama na maji litamtisha mtoto asiye na mtu wa kumweleza. Kwa vijana wa sekondari na wakubwa wao naipendekeza bila kusita, wakiigawanya katika jioni tano kama ilivyorushwa, maana sehemu ya mwisho inataka kutazamwa na mtu asiyesinzia.